Kopo la mvua na ndoto ya udaktari

Kuna barua ambazo mtu huzisoma mara moja akaziweka kando, na kuna nyingine ambazo huzikunja akazitia mfukoni aende nazo nyumbani. Barua ya mzee mmoja wa Ziwa, huko Uasin Gishu, ni ya aina hii ya pili. Nimekaa nayo wiki tatu sasa.

Mzee huyu ni mkulima wa mahindi. Jina lake nimelihifadhi, la bintiye vilevile, na shule anakosoma binti huyo sitaitaja kwa kuwa haihusiki na ugomvi wao. Inatosha kusema kwamba ni shule ya kimataifa katika nchi jirani, na kwamba msichana alipata nafasi huko kwa ufadhili baada ya kumaliza kidato cha nne. Karo na malazi yamelipwa. Nauli, nguo, simu na vitu vidogovidogo ni juu ya baba, na ili kuvipata mzee aliuza robo ekari ya shamba.

Binti alipoondoka, kijiji kizima kilijua anaenda kuwa daktari. Kanisani alifanyiwa maombi kama daktari. Nyanya yake, gogo kama wanavyosema Wakalenjin, alikwisha kuanza kumweleza habari za magoti yake.

Alipokuja likizo ya Desemba alimwambia babake kwamba udaktari hautaki tena. Anataka kusomea udongo.

"Nilimtoa kwenye matope," mzee ananiandikia, "naye anataka nimlipie nauli arudi matopeni. Je, huko wanafundishwa nini?"

Naam, msomaji, nilicheka niliposoma hapo, kisha nikaona haya kwa kucheka. Maana robo ekari iliyouzwa hairudi.

Lakini tulia kidogo, kwa sababu barua hii ina jambo jingine ambalo mzee amelitaja kwa haraka, kama kitu kisicho na uzito. Anasema tangu akiwa darasa la saba binti huyu amekuwa na "mchezo wa kopo". Aliweka kopo tupu la maziwa ya unga juu ya kisiki nyuma ya jikoni, na kila asubuhi mvua iliponyesha alipima maji kwa rula na kuandika katika daftari. Mamake alilitaka kopo lile kwa kuwekea chumvi, wakagombana. Sasa akiwa mbali, ni kaka yake mdogo anayepima na kumsomea hesabu kwa simu.

Siku zile ambapo vijana wetu walikuwa wakitafuta marafiki wa kalamu katika magazeti, kila tangazo lilikuwa na mstari mmoja ulioitwa uraibu. Uraibu: kusikiliza muziki, kubadilishana picha, kutazama kandanda. Wazazi waliuona mstari huo kuwa wa upuzi mtupu. Mtoto alitakiwa kusoma. Akimaliza kusoma achote maji. Akimaliza kuchota maji asome tena. Mpaka leo katika nyumba nyingi uraibu ni jina jingine la uvivu.

Sasa hebu tumweleze mzee wetu kule wanafundishwa nini.

Shule nyingi za kimataifa katika eneo hili hufuata ama mitihani ya Uingereza ama ile ya International Baccalaureate, mfumo ulioanzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Stashahada hii huchukua miaka miwili. Mwanafunzi huchagua masomo sita, kwa kawaida matatu akiyasoma kwa kina zaidi, na pia huandika insha moja ndefu ya maneno yasiyozidi 4,000 kuhusu jambo alilolichunguza mwenyewe. Alama ya juu kabisa ni 45.

Lakini kuna sharti jingine linalowashangaza wazazi wengi. Kwa muda wa miezi 18 hivi mwanafunzi lazima aonyeshe kwamba anashiriki katika mambo ya ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma kwa jamii. Hakuna alama hata moja anayopewa kwa haya. Hata hivyo asipoyatimiza hapewi stashahada, hata kama amepita masomo yote sita. Yaani uraibu, ule tuliouita uvivu, umewekwa mlangoni na rungu mkononi.

Si hayo tu. Katika shule za United World Colleges, mathalani, ambazo zilianzia Wales mwaka 1962 na ambazo tangu 2019 zina tawi huko Moshi na Arusha, mwombaji huulizwa mengi zaidi ya alama zake. Ataulizwa anapenda nini, amefanya nini bila kuamrishwa, na kwa nini. Mtoto aliyekariri vitabu tangu asubuhi hadi usiku hukwama hapo. Anaangalia dari.

Sikuwako binti wa Ziwa alipohojiwa, lakini niko tayari kuweka dau dogo kwamba habari za kopo lilitajwa. Mzee anadhani mwanawe alichukuliwa kwa alama zake za Biolojia. Huenda kopo lile lililokuwa nusura liwe la chumvi ndilo lililomvusha mpaka.

Wala si kopo la kuchekwa. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Kwa hiyo mvua ndogo ya milimita kumi, ile ambayo mtu hata hajifuniki kichwa, imemwagia ekari yako maji zaidi ya lita 40,000. Mtoto aliyeyajua haya nyuma ya jikoni akiwa darasa la saba ameanza kuliona shamba kwa jicho ambalo babake hakuwahi kupewa nafasi ya kuwa nalo.

Kuna jambo moja la kuchekesha ambalo mzee pia amelidokeza. Katika shule hiyo, msichana alipotamka tu kwamba anatoka karibu na Eldoret, mwalimu wa michezo alifurahi sana, akamletea viatu vya kukimbilia. Masikini! Mtoto wa watu hajawahi kukimbia isipokuwa kumfukuza ndama. Alikimbia, akawa wa tisa, na wenzake wakamtazama kana kwamba amewaibia kitu.

Huu ni mzigo wanaoubeba vijana wote wa nyanda hizo wakifika ugenini. Mwaka 2004 mwandishi wa Marekani John Manners, pamoja na Mike Boit aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich mwaka 1972, walianzisha mpango uitwao KenSAP wa kuwasaidia wanafunzi hodari wa Bonde la Ufa kupata nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Zaidi ya mia moja wamepita huko, wengine hadi Harvard na Yale. Walikuwa ni vijana wa vitabu, si wa mbio. Hata hivyo, kwa kuwa makocha wa Marekani hawaachi kuuliza, waombaji walipimwa mbio za mita 1,500. Wengi hawakuwa lolote. Mmoja aliyekwenda Hamilton College, katika jimbo la New York, aliishia kuwa bingwa wa kuruka viunzi na maji miongoni mwa vyuo vya daraja lake.

Kwa hivyo kipaji huweza kugunduliwa ukubwani, hilo silikatai. Ninachokataa ni mtu kupangiwa kipaji kwa kutazamwa anakotoka. Kule ugenini wanampangia binti yetu mbio. Huku nyumbani tunampangia koti jeupe la daktari. Katika pande zote mbili hakuna aliyemuuliza kuhusu daftari.

Nikisema hivi najua mzee atanijibu kwamba kuuliza hakulipi nauli. Na ana haki. Wazazi wa Uasin Gishu wana sababu ya kuogopa zaidi ya wengine linapotajwa suala la masomo ya nje.

Hakuna nyumba katika kaunti ile isiyoijua habari ya Finland. Mwaka 2021 serikali ya kaunti ilianza mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Finland, kisha Kanada ikaingia. Wazazi walilipa mamia ya maelfu ya shilingi. Kulikuwa na waliouza mashamba, waliouza ng'ombe, na waliochukua mikopo. Kisha baadhi ya vijana waliofika kule wakaambiwa karo haijalipwa, na wengine wengi hawakupanda ndege kabisa. Mwaka 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha zao, Seneti ikaingilia kati, na mwezi Agosti aliyekuwa gavana pamoja na waliokuwa maafisa wa kaunti wakafikishwa mahakamani. Walikana mashtaka.

Nilifuatilia mjadala ule kwa makini. Tulisikia habari za akaunti za benki, tukasikia za viza, tukasikia nani alitia sahihi wapi. Lakini sikumbuki hata mara moja mtu akiuliza vijana wale walitaka kwenda kusomea nini na kwa nini. Ilitosha kwamba ni ng'ambo. Neno "ng'ambo" lilikuwa ndilo kozi.

Na hapo ndipo ninapomwambia mzee wetu kwa heshima zote: bintiyo amekwenda kwa njia iliyo safi, karo imelipwa, na anajua anachokitaka. Jirani zako waliouza zaidi ya robo ekari wangetamani mojawapo tu ya hayo matatu.

Tuje sasa kwenye kubadilika kwa nia. Wazazi wengi hudhani ndoto ya mtoto ni kama msingi wa nyumba, ukiuhamisha umebomoa. Mimi nawajua watu wazima wachache sana wanaofanya kazi waliyoitaja darasa la nane. Mtoto wa kijijini hutaja kazi alizoziona: daktari, mwalimu, polisi, rubani wa ndege zipitazo juu. Hawezi kutaja mtaalamu wa udongo kwa sababu hajawahi kukutana naye. Akifika penye maktaba na maabara, orodha inarefuka. Hilo si kupotoka.

Sally Kipyego wa Kapsowar, huko Marakwet, alikwenda Marekani akasoma Texas Tech University. Alishinda mbio chungu nzima za vyuo vya huko, na wakati huohuo akasomea uuguzi hadi akapata shahada. Mwaka 2012 alipata nishani ya fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki za London akiiwakilisha Kenya, na miaka iliyofuata akawa raia wa Marekani na kukimbia mbio za masafa marefu chini ya bendera ile. Muuguzi, mwanariadha, Mkenya, Mmarekani. Ukimwuliza mtu kama huyo ndoto yake ilikuwa ipi, itabidi kwanza useme ya mwaka gani.

Au mtazame Marehemu Profesa Wangari Maathai. Akiwa mtoto huko Ihithe, Nyeri, alipotumwa maji mtoni alikaa akiyatazama mayai ya vyura akidhani ni shanga, akijaribu kuyainua na yakimponyoka vidoleni. Huo ndio uliokuwa uraibu wake, na bila shaka alichelewesha maji. Mwaka 1960 alikwenda Kansas kwa ufadhili na kusomea Biolojia. Aliporudi mwaka 1966 alikuta kazi aliyoahidiwa katika chuo kikuu cha Nairobi amepewa mtu mwingine. Hakurudi alikotoka. Alipata nafasi katika idara ya mifugo, mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu, 1977 akaanza kupanda miti na akina mama, na 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Katika safari yote hiyo sioni mahali ambapo mtu angeweza kumwambia babake mapema, "Tulia mzee, atafika pale."

Kurudi nyumbani nako kuna shida zake ambazo barua hii imezigusa tu. Mzee analalamika kwamba binti alipokuja likizoni alikuwa kimya siku tatu za kwanza, akawa anakula kidogo, na mursik aliinusa kabla ya kunywa. Gogo aliuchukua unusaji huo kama tusi. Jamani, msimpige mtoto vita kwa sababu ya pua. Huko anakaa chumba kimoja na watu wa nchi tatu, anakula asichokijua, anaota kwa Kiingereza. Anapofika Ziwa inambidi avue hayo yote na kuvaa ya zamani, na ya zamani yamembana kidogo. Akimaliza kuyanyoosha likizo imekwisha. Basi la kwenda Namanga linamsubiri.

Nilipofika mahali hapo pa barua nilisoma mstari mmoja mara mbili. Siku ya nne, asema mzee, binti aliamka kabla ya watu wote, na akaonekana amechuchumaa nyuma ya jikoni akilipangusa kopo. Kisha akaingia jikoni akaomba mursik.

Sasa kuhusu udongo wenyewe. Mzee anauita matope, lakini ni yeye aliyeniandikia katika ukurasa wa pili kwamba zamani alivuna magunia mengi kutoka kwa ekari moja, ilhali sasa anatia mbolea ileile na mavuno yanashuka. Mzee wangu, hapo ndipo bintiyo anapotaka kufanya kazi! Sehemu kubwa ya mashamba ya Uasin Gishu yameingia asidi. Sababu mojawapo ni kutia mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka bila kuupima udongo. Asidi ikizidi, fosforasi iliyomo hushikwa ardhini na mhindi hauipati. Unanunua mbolea kwa bei ghali na kuifungia kabatini. Tiba yake inajulikana, nayo ni chokaa ya kilimo inayowekwa kabla ya kupanda, kwa kipimo kinachotokana na kuupima udongo wa shamba lako wewe, si wa jirani. Chuo Kikuu cha Eldoret, kile kilichokuwa bewa la Chepkoilel kabla ya 2013, kina idara nzima ya elimu ya udongo. Kiko karibu na mlango wako.

Daktari humtibu gogo magoti. Nani atalitibu shamba linalomlisha gogo?

Lakini nisimwegemee binti upande wote. Barua inasema anataka kuacha somo la Kemia na kuchukua lile la mazingira badala yake, kwa kuwa Kemia "haina uhusiano na mvua". Hapa nasimama na mzee, hata kama sababu zetu ni tofauti. Yeye anaogopa kwamba bila Kemia mlango wa udaktari utafungwa, na ni kweli, vyuo vingi vya udaktari huitaka. Mimi naogopa kwamba mlango wa udongo pia utakuwa mwembamba. Asidi ni Kemia. Chokaa ni Kemia. Fosforasi inayojificha ni Kemia tupu. Mtaalamu wa udongo asiyeijua Kemia ni sawa na fundi wa saa aliyevaa glavu za kulimia.

Akiishika Kemia pamoja na Biolojia, hahitaji kuamua leo. Na kama atakwenda Marekani, wazazi wajue kwamba kule udaktari hauanzwi moja kwa moja. Kwanza ni shahada ya kawaida ya miaka minne, ambayo inaweza kuwa hata ya udongo, kisha ndipo shule ya udaktari ya miaka mingine minne, kisha mafunzo hospitalini. Hapa kwetu ni miaka sita, na mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi. Kwa vyovyote vile gogo atasubiri.

Swali hili si la waliokwenda nje peke yao. Tangu mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto wetu wamo katika mtaala mpya, na anayeingia Gredi ya 10 huchagua mojawapo ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wana umri wa miaka kumi na mitano hivi. Mzazi ambaye hajui mwanawe hufanya nini akiwa peke yake nyuma ya jikoni atamchagulia kwa kutazama ya jirani.

Mzee, wanafunzi wa mfumo huo wakitaka kubadilisha somo huruhusiwa mwanzoni tu mwa kozi, wakichelewa, basi. Bintiyo yuko mwaka wa kwanza. Akipiga simu Jumapili hii kusomewa hesabu za mvua, mwache kwanza kaka yake amsomee, kisha chukua simu umuulize kama fomu ya kuacha Kemia ameshaipeleka.